Mwalimu Anapomkosoa Aliyepatia

Assalaamu alaykum.

Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, na nyinyi walimu tarajali ambao muda si mrefu mtatawanyika katika skuli za Unguja na Pemba kwa mazoezi ya kufundisha: ahsanteni kwa kunikaribisha. Mimi si mwalimu. Riziki yangu iko redioni, na kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha usiku ninapopiga roki ya zamani, muziki wa magitaa wa miaka ya sitini na sabini. Nilipoombwa nizungumze juu ya namna mwanafunzi anavyojifunza kutokana na makosa yake, niliomba mada igeuzwe. Nataka kuzungumza juu ya kosa la mwalimu, na katika makosa ya mwalimu nimechagua moja tu: kumkosoa mtoto aliyepatia.

Mtoto aliyekosea akasahihishwa, hata kwa ukali, ana pa kushika. Atakwenda nyumbani, atatazama, ataona kweli alikosea, na moyo utatulia. Aliyepatia akaambiwa amekosea hana pa kushika. Akifungua kitabu, kitabu kinamwambia yuko sawa. Akimtazama mwalimu, mwalimu ndiye mwenye kalamu. Hapo anafundishwa jambo ambalo halimo katika muhtasari wa somo lolote: kwamba ukweli haupatikani kwa kutafuta, unapatikana kwa kumtazama nani amesimama mbele.

Yaliyonikuta ni haya. Nilikuwa kidato cha pili, na katika somo la Kiingereza tuliambiwa tuandike insha juu ya mtu mashuhuri mzaliwa wa Zanzibar. Wenzangu wengi walimwandika Siti binti Saad, na walifanya vyema, maana anastahiki. Mimi nilimwandika Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kwa sababu mjomba wangu alikuwa na kaseti zao, na nyimbo zile nilizihifadhi hata kabla sijaelewa maneno yake. Sentensi yangu ya kwanza ilisema kwamba alizaliwa Unguja mwaka 1946. Daftari liliporudi, Unguja imekatwa kwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa Bombay. Chini kabisa: nje ya mada, sifuri. Kwani kama mtu huyo kazaliwa Bombay, basi insha nzima haikujibu swali, na kurasa zilizofuata hazikuwa na alama hata moja ya kalamu. Hazikusomwa.

Mwalimu aliisoma sentensi yangu mbele ya darasa kuwa ni mfano wa mwanafunzi anayeandika bila kutafiti. Nikanyanyua mkono, nikaambiwa nikae. Siku ya pili nilikuja na kitabu cha mjomba, kitabu cha maisha ya mwimbaji huyo, nikamfuata mwalimu baada ya kipindi, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa nyumbani. Hakukifungua. Aliniambia nikirudishe, na nijifunze kukubali kukosolewa. Nyumbani nako baba akasema mwalimu ni mzazi, mzazi habishwi.

Sifuri ile imeshapita na siidai. Kinachoniuma mpaka leo ni kitabu kile kutofunguliwa. Basi niruhusuni nikifungue hapa.

Farrokh Bulsara alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, katika hospitali ya serikali hapa mjini Unguja. Sultani wakati huo ni Sayyid Khalifa bin Harub, na nchi iko chini ya himaya ya Waingereza. Wazazi wake, Bomi na Jer, ni Waparsi, watu wa dini ya Zoroaster, wenye asili ya Gujarat. Ukoo wao wa Bulsara umechukua jina la mji wa Bulsar wa huko. Bomi alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu, mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mtoto alipofika miaka minane hivi alipelekwa bweni India, St. Peter's School, katika mji wa milimani uitwao Panchgani. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyojiita The Hectics. Akarudi Unguja akiwa kijana. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 familia iliondoka kwenda Uingereza, ikatua Feltham, upande wa magharibi wa London. Yeye ana miaka kumi na saba.

Mwaka 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor wakaanzisha Queen. John Deacon akaingia mwaka uliofuata. Jina la Mercury alijipa mwenyewe katika kipindi hicho. Mwaka 1975 wakatoa Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio, ambao katikati yake kwaya inapaza neno Bismillah. Waliokuwa na uzoefu wa biashara ya muziki waliona redio hazitaupiga kwa urefu wake. Ulikaa nambari moja Uingereza kwa wiki tisa. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid uwanja wa Wembley, alisimama mbele ya watu wapatao 72,000 kwa dakika ishirini na kidogo, akiwaitisha sauti nao wakiitikia uwanja mzima, na hata leo wanamuziki wanaihesabu saa ile miongoni mwa saa kubwa za roki. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Tangu 2019 lipo jumba la makumbusho yake pale Shangani.

Hayo ndiyo yaliyokuwamo, mengi yake, katika kurasa ambazo hazikusomwa.

Sasa nawaomba tumtazame mwalimu wangu kwa uadilifu, kwa sababu hapa ndipo penye faida kwenu. Hakuwa mjinga. Hakunionea kwa chuki. Na Bombay hakuibuni. Ulizeni: huyu mtu alisoma wapi? India, na likizo nyingine akizipitisha kwa jamaa zake Bombay. Wazazi wake asili yao wapi? Gujarat. Alikuwa mwanamuziki wa nchi gani? Uingereza. Alizaliwa wapi? Unguja. Maswali manne, na kila moja lina jibu lake la kweli. Mwalimu alikuwa na jibu mkononi, akalipachika kwenye swali ambalo silo lake. Miaka yote hii ninavyosikiliza watu wakikosoana juu ya muziki, makosa mengi ya wakosoaji nimeyaona yako hivyo hivyo: hawasemi uongo mtupu, wanajibu swali ambalo mwenzao hakuliandika.

Lakini kwa nini alilipachika kwa urahisi vile? Nimelifikiri sana hili. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, na mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Sauti ile tunayojivunia ilinaswa Bombay. Wenzangu walioandika juu yake walipata alama zao, na hakuna aliyekatiwa Fumba akaandikiwa Bombay. Tofauti iko kwenye jina na sura. Siti ana jina tulilolizoea. Bulsara ni jina la Kiparsi, na mwenye jina lile mwalimu alikwisha kumpa kwao kabla ya kusoma sentensi. Mimi naona hapa pana jambo kubwa kuliko alama za insha. Katika darasa lile tulikuwa na mtoto wa Kigoa, tulikuwa na wa Kingazija, tulikuwa na wa Kihadhrami. Wote wamezaliwa mji huu huu. Wote walisikia kwamba mtu mwenye jina kama lile hawezi kuwa mzaliwa wa hapa, na kwamba anayesema alizaliwa hapa hakutafiti.

Yapo masahihisho ambayo mwalimu yule angeyafanya nami ningemshukuru. Lau ningeandika kwamba mtu huyu alizaliwa Tanzania, angekuwa na haki ya kuniuliza Tanzania ya mwaka 1946 ilikuwa wapi, maana Muungano ni wa tarehe 26 Aprili 1964. Lau ningeandika kwamba ndiye aliyetunga nyimbo zote za Queen, angekuwa na haki ya kuikata, kwa sababu wote wanne walitunga: We Will Rock You ni ya Brian May, Another One Bites the Dust ni ya John Deacon. Masahihisho ya namna hiyo yanamwongezea mtoto kitu. Sisemi mwalimu aweke kalamu chini. Nasema akikata neno, awe na neno la kuweka mahali pake, na awe anajua limetoka wapi.

Roki ya zamani ina mitego ya namna hii kila upande, na wanafunzi wenu wataingia nayo darasani, maana vijana wanaisikia upya kwenye simu zao. Chukueni Hound Dog. Mwanafunzi ataandika kwamba wimbo huu uliimbwa na Big Mama Thornton. Mwalimu anayejua kidogo atakata na kuandika Elvis Presley. Amekosea: Elvis aliurekodi mwaka 1956, na Willie Mae Thornton, ndiye huyo Big Mama, mwanamke mweusi mzaliwa wa Alabama, aliurekodi mwaka 1952, ukatoka mwaka uliofuata na kukaa juu kabisa ya orodha ya nyimbo za watu weusi wa Marekani kwa wiki saba. Sasa aje mwalimu mwingine anayejua zaidi, aandike kwamba Elvis alichukua wimbo uliotungwa na Thornton. Naye amekosea. Waliotunga ni vijana wawili wa Kizungu, Jerry Leiber na Mike Stoller, wenye miaka kumi na tisa, na walimtungia yeye Thornton. Na bado hatujamaliza, kwa sababu namna Elvis alivyouimba hakuichukua moja kwa moja kwa Thornton. Aliisikia Las Vegas kwa kundi la Freddie Bell and the Bellboys, waliokuwa wamebadilisha maneno.

Tazameni basi. Nani ametunga? Nani ameimba kwanza? Nani ameupa umbo lililovuma? Nani ameufikisha duniani kote? Wimbo mmoja, watu tofauti. Mwanafunzi anaweza kuwa amepatia kabisa katika swali lake, na mwalimu amepatia katika swali jingine, na wino mwekundu ukamwagika bure.

All Along the Watchtower ni hivyo hivyo. Watu wengi wanamjua Jimi Hendrix, aliyeutoa mwaka 1968, na gitaa lile halisahauliki. Mtunzi ni Bob Dylan, aliyeutoa mwishoni mwa 1967 kwa gitaa kavu na harmonika. I Shot the Sheriff ulifika nambari moja Marekani mwaka 1974 kwa sauti ya Eric Clapton, na mtoto wa Kiswahili anayesema ni wa Bob Marley atakuta watu wazima wa kumkatalia, ingawa Marley na Wailers waliutoa mwaka 1973 na jina la mtunzi ni lake. Kwa bendi ya The Who kuna wimbo wa mwaka 1971 uitwao Baba O'Riley, ambao maneno ya jina lake hayamo popote ndani ya wimbo; wengi wanauita kwa maneno ya kiitikio, na mwanafunzi anayeandika jina lake halisi ndiye anayekatwa.

Jambo hili linatugusa hata sisi wenyewe. Jambo Bwana ni wa Them Mushrooms wa Mombasa, waliutoa mwaka 1982, mtunzi wao Teddy Kalanda Harrison. Kundi la Boney M la Ulaya wakauimba mwaka uliofuata. Fikirini kijana wetu anayesoma Ulaya, anasema wimbo ule ni wa Mombasa, na mwalimu wake anamwambia la, ni wa Boney M, mimi nilicheza nao ujanani. Sote hapa tungekasirika. Basi hasira hiyo hiyo tuwe nayo kwa mtoto aliye mbele yetu.

Na sisi watu wa taarabu hatuna udhuru. Hapa Unguja mzee yeyote wa klabu atakwambia shairi ni la nani, muziki kautia nani, na kaimba nani, na ukichanganya atakurekebisha pale pale. Ustadi wa kutenganisha hayo tunao tayari. Tatizo ni kwamba tunauacha mlangoni tunapoingia darasani.

Mtaniuliza: mimi sijui roki, hata majina hayo nayasikia leo, nitamsahihishaje mwanafunzi? Msimsahihishe mpaka mjue. Pembeni mwa sentensi mnayoitilia shaka, badala ya kuikata, andikeni umejuaje? Neno moja tu. Akiwa ameibuni, ataumbuka kwa hoja yake mwenyewe na atajifunza kutafuta. Akiwa anajua, atawaletea ushahidi, nanyi mtajifunza. Yule mwalimu wangu angeandika neno hilo moja, mimi ningekwenda kwa mjomba kwa furaha, nikarudi na kitabu, na darasa zima likafaidika.

Ushahidi ukiletwa, upokeeni kwa mikono miwili kama ulivyoletwa. Ufungueni. Dakika tano zinatosha. Msiseme mtatazama baadaye, kwa sababu mtoto anajua maana ya baadaye. Siku hizi mna simu mfukoni, na naye anayo nyumbani, kwa hiyo kutazama ni rahisi kuliko zamani; lakini kurasa nyingi za intaneti zinanakiliana kosa lile lile, zikaonekana ni mashahidi kumi kumbe ni shahidi mmoja. Tafuteni vyanzo viwili ambavyo kimoja hakikunakili kwa kingine. Kwa nyimbo, chanzo kizuri kuliko vyote ni santuri yenyewe: katikati ya sahani, chini ya jina la wimbo, kwa herufi ndogo, huandikwa jina la mtunzi. Jina kubwa ni la mwimbaji. Watu husoma kubwa wakaacha dogo.

Na ikithibitika kwamba mtoto alipatia, mliyemkosoa mbele ya darasa msimwite ofisini kumnong'oneza. Msafisheni mbele ya darasa. Si kwa ajili yake peke yake. Mimi nilijua nilipatia, kitabu kilinihifadhi. Wenzangu hawakuwa na kitabu. Nina rafiki wa darasa lile, mtu mzima sasa, ana watoto, na juzi juzi tu alinambia kwa yakini kabisa kwamba Freddie Mercury ni mzaliwa wa Bombay, kwa sababu mwalimu alitwambia. Mwanafunzi husahau mengi yaliyofundishwa kwa utaratibu. Lililosemwa siku mwenzake alipoaibishwa halisahau.

Kuna mkufunzi hapa aliniuliza kabla ya kikao: je, hutavunja adabu ya wanafunzi kwa maneno haya? Nimelichukua swali lake kwa uzito, kwa sababu adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu ni mali yetu na sipendi ipotee. Lakini naomba tuitazame adabu ilivyokuwa siku ile. Mtoto alinyamaza alipoambiwa akae. Alisubiri kipindi kiishe. Alikuja peke yake, bila kumwaibisha mtu, na kitabu mikononi. Adabu ilikuwa imetimia upande mmoja. Upande wa pili nao una adabu yake, nayo ni kusikiliza. Mashekhe waliotusomesha chuoni walikuwa wakali kuliko walimu wa skuli, na bado mwanafunzi akishuku herufi, msahafu ulifunguliwa, wakatazama pamoja. Sikuona hadhi ya shekhe hata mmoja ikipungua kwa kufungua msahafu.

Na nasema wazi, nimekasirika. Nimekasirika kwa niaba ya watoto wanaoipenda skuli kupitia kitu kimoja tu, muziki, mpira, mashua, chochote, halafu wakileta kile kitu kimoja darasani wanakatiwa na mtu ambaye hakijui. Mimi baada ya insha ile sikuandika tena kitu nilichokipenda. Niliandika walivyoandika wengine, nikapata alama nzuri, na mwalimu akasema nimebadilika. Niliyoyaandika katika madaftari yale sikumbuki hata sentensi moja. Nilikuja kuandika tena nilipoingia redioni, nilipolazimika kumweleza msikilizaji kwa nini wimbo huu na si ule.

Kwa hiyo nimekuja na ombi kwa Mkuu wa Chuo, na nimemwandikia pia kwa barua: katika fomu anayojaza mkufunzi anapokwenda kumtazama mwalimu tarajali darasani, kuongezwe mahali pa kuandika mwanafunzi alipopinga jibu, mwalimu alifanya nini. Fomu inauliza juu ya ubao, sauti, zana na muda. Iulize na hilo.

Nimeleta santuri zangu kadhaa, ziko juu ya meza ile karibu na dirisha, pamoja na za taarabu alizoniachia mjomba. Nitakuwepo mpaka saa saba. Zishikeni kwa pembeni, msiguse mistari, na msome yaliyoandikwa katikati, herufi kubwa na herufi ndogo. Mkiona jina linalopingana na niliyoyasema hapa, niiteni, tutatazama pamoja.